Re: Ile 2% kwenye risiti ya hoteli inaenda wapi?

@uliyeuliza, hapana, hiyo 2% si tipu ya weita na wala si VAT. VAT ni ile 16% inaenda KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), hii nyingine ni levi ya utalii, hoteli inakukata alafu inapeleka Tourism Fund, mfuko wa serikali wa utalii. Bili ya chakula ikiwa 1,000 kabla ya hizo makato, VAT ni 160 na levi ni 20 tu, cheki chini ya risiti utaona wameandika CTL ama catering levy. Hizo pesa ndo zinasaidia kuendesha Utalii College, chuo cha mambo ya hoteli na utalii pale Thika Road Nairobi, so yule shefu aliyekupikia pengine alisomea hapo. Service charge sasa, hiyo si serikali, waulize hoteli wenyewe.