Ushauri kwa watoto wa mashofere: jinsi ya kuandika maisha ya mzazi aliyeishi barabarani

Hotuba nyingi zinazosomwa kwenye vilio, yaani misiba, hapa Lubumbashi zinafanana kiasi kwamba ungeweza kubadilisha jina la marehemu na hakuna ambaye angeshtuka: alikuwa mtu wa watu, mpenda amani, baba mwema, mcha Mungu. Kwa mtu aliyefanya kazi mjini na kurudi nyumbani kila jioni, upungufu huo si mkubwa, kwa kuwa majirani wanaosikiliza wanayajua yaliyobaki. Kwa shofere wa malori makubwa mambo ni tofauti. Baba yangu aliendesha lori kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sisi watoto tulimfahamu hasa kama mtu anayefika, anayelala na anayeondoka. Kazi yenyewe, ile iliyotulisha na kutusomesha, ilishuhudiwa na wengine. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, watafuteni wale waliosafiri naye.

Hawako mbali. Wenzake hufika kwenye kilio, wengine wakiwa wameacha magari Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, chini ya uangalizi wa msaidizi, lakini huketi kimya kwenye moto pamoja na wanaume wengine, kwa sababu mbele ya wazee wa ukoo wanajiona wageni. Nendeni mkakae nao. Msiwaulize baba alikuwa mtu wa namna gani, maana mtajibiwa yaleyale ya hotuba. Waulizeni alilala wapi gari lilipoharibika, alikula kwa mama yupi pale Mpika, Zambia, aligombana na nani na kwa sababu gani, na nani alimfundisha kuteremka mlima wa Kitonga, kule Iringa, akiwa na tani 30 za shaba nyuma yake.

Swali hilo la Kitonga ndilo lililotufungulia mlango. Mzee mmoja aliyeanza kazi pamoja na baba alitueleza kwamba baba hakukubali kamwe kuuteremka mlima huo usiku, hata mwenye gari alipopiga simu kwa hasira. Alisubiri kukuche, akakagua breki mwenyewe bila kumwachia msaidizi, kisha akashuka polepole kwa gia ndogo, huku wenzake waliokuwa na haraka wakimpita na kumcheka. Kijana aliyewahi kuwa msaidizi wake naye akasimulia kwamba baba ndiye aliyemsukuma kutafuta leseni, akamlipia sehemu ya gharama kutoka kwenye posho yake ya safari, kisha akamwombea kazi. Nyumbani hatukuwahi kusikia habari hiyo, na nadhani mama angekuwa na maswali kuhusu posho hiyo kama angeisikia wakati ule.

Elezeni pia kazi ilivyokuwa, kwa kuwa wajukuu hawataijua. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilometa 90 tu, lakini foleni ya mpakani inaweza kumshikilia shofere siku nyingi, akilala ndani ya kabini na kupika bukari, yaani ugali, kando ya matairi. Akishavuka, anaacha kushika upande wa kulia wa barabara, kama tunavyofanya Kongo, na kuanza kushika kushoto. Hufuata Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi, kisha ile barabara ndefu inayokwenda Nakonde. Akiingia Tunduma, upande wa Tanzania, husogeza saa yake mbele kwa saa moja, na bado zaidi ya kilometa 900 zimebaki mpaka bandarini Dar es Salaam. Inafaa pia kusema kwa nini malori yalikuwa mengi hivyo. Reli ya Benguela, iliyokuwa ikipeleka shaba yetu kwenye bandari ya Lobito, ilikatika mwaka 1975 vita vilipoanza Angola, reli zetu wenyewe zikazidi kuchakaa, na kampuni za migodi zilipoongezeka Katanga baada ya sheria ya madini ya 2002, mzigo ukaangukia barabara. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba shofere ni mtu aliyependa kuzurura. Baba alikwenda mahali ambako mshahara ulikuwa.

Kuhusu karatasi zake, zikusanyeni kabla ya kugawa nguo. Sisi tulichukua pasipoti zake za zamani, tukalinganisha mihuri ya mipakani na tarehe za nyumbani, na hapo tukaelewa kwamba siku mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa baba alikuwa Tunduma akingojea nyaraka za forodha, jambo ambalo mama alikuwa akilikumbuka bila msaada wa muhuri wowote. Humohumo mtapata mkataba wa kazi, hati za mshahara na namba yake ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambavyo mjane atavihitaji akifuatilia haki zake. Ndugu wakianza kugawana vitu, kumbukeni kwamba Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi na kumpa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi.

Sehemu ngumu zaidi ni kusema ukweli kuhusu kutokuwapo kwake. Msiuruke. Maandishi yanayomsifu shofere kama baba wa familia bila kumtaja mwanamke aliyebaki na familia hiyo yana kasoro, kwa maoni yangu, hata yakiwa matamu. Mama ndiye aliyeitwa shuleni, ndiye aliyesimamia fundi wa paa, ndiye aliyepima unga mwezi ulipokuwa mrefu. Baba alirudi na mifuko ya unga wa Zambia na mchele wa Kyela, akatuita mmoja mmoja na madaftari yetu, na kwa siku mbili za kwanza alitukagua kama mtu wa forodha. Siku ya tatu alianza kucheka, na mara nyingi siku hiyohiyo simu ilikuja kumwambia kwamba mzigo uko tayari Kolwezi. Tuliandika hivyohivyo. Shangazi mmoja aliona kwamba tunamvunjia marehemu heshima, lakini mama alisema yabaki.

Mkimaliza, wapelekeeni mashofere wenyewe maandishi hayo wayasome au wasomewe, kwa maana ninyi hamkuwapo. Wenzake baba walitusahihishia mpangilio wa miji, wakafuta sifa moja waliyoiona imezidi, na wakaongeza majina ya watu waliomsaidia huko Zambia ambao sisi tusingeweza kuwajua. Kuhusu safari ambayo giaboksi ilimfia, mzee anashikilia kwamba ilikuwa Mpika, na yule kijana anaapa kwamba ilikuwa Chinsali na kwamba yeye ndiye aliyeshika tochi. Tumeyaandika yote mawili, kila moja na jina la msimulizi wake, nawashauri nanyi mfanye hivyo.