Kabla hujashika msasa: kwa anayenunua bunduki yake ya kwanza ya kale

Sasa wewe unayeanza, naomba nikuambie mapema, bunduki yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa mikono yangu, tena kwa furaha kabisa. Ilikuwa Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Urusi, mbao zake nyeusi za grisi na jasho la watu, nikaona hii chafu, nikachukua msasa nikapiga siku mbili mpaka mbao ikatoka nyeupe kama mwiko mpya, nikapaka vanishi. Ikang'aa. Mzee mmoja mkusanyaji akaja kuiangalia, akageuza kitako, akaniuliza muhuri wa kiwanda uko wapi. Nikanyamaza. Muhuri ulikuwa kwenye vumbi nililolifagia.

Kwa hiyo kabla ya yote, kibali kwanza. Sheria ya silaha inatofautiana kila nchi, kuna kwingine bunduki ya miaka mia moja na zaidi inahesabiwa kitu cha kale na kwingine ni silaha kama silaha nyingine, ulizia wanaohusika kabla hujatoa hela, siyo baada. Na ukiishika dukani au kwa mtu, fungua bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu, angalia chemba, pale risasi inapokaa, tia na kidole, hata kama mwenyewe anaapa haina kitu.

Kwenye kununua, macho yasikimbilie uzuri. Angalia namba. Mauser Kar98k, ile ya Wajerumani iliyoanza 1935, ilipigwa namba karibu kila kipande, hadi skrubu zingine, ndo maana ikitokea namba zote zinafanana bei inaruka mbali sana. Mosin utaangalia mtutu, bolti, kifuniko cha chini cha magazini, kile kisanduku cha risasi, na bamba la kitako. Ila kufanana peke yake kusikudanganye, maana Wasovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia walifumua maelfu ya bunduki, zao na zile walizoziteka kwa Wajerumani, wakazichanganya vipande halafu wakaandika namba upya, unaona kabisa namba ya zamani imefutwa au imekatwa mstari na mpya imechorwa kwa kalamu ya umeme, mwandiko wa haraka haraka. Siyo mbovu hizo, mi ninayo moja naipenda, ila usiuziwe kwa bei ya ile ambayo haijawahi kuguswa.

Ukikuta Mosin ya zamani sana cheki na sait ya nyuma, ile ya kulengea yenye namba za umbali. Zile za modeli ya 1891 zilipimwa kwa arshini, kipimo cha Warusi cha kama sentimita 71, mita zilikuja na modeli ya 1891/30. Vitu vidogo kama hivi ndo vinakwambia kama vipande ni vya ndugu mmoja au vimeokotwa okotwa.

Halafu vua ile pete ya chuma inayobana mtutu na mbao pamoja, uangalie mbao chini yake. Kuna askari wa Marekani waliorudi na Mauser wakakata mbao pale pale chini ya pete ili bunduki iingie kwenye begi, ukiifunga huoni kitu. Nimeshaziona mbili.

Mtutu: piga tochi ndani. Giza siyo lazima iwe kufa, mara nyingi ni uchafu tu, ila mashimo mashimo hayaondoki. Yanatoka wapi? Fataki za risasi za zamani, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zilikuwa na kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu. Na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta jamani, inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo mtu akipiga risasi za aina hiyo akasafisha kwa mafuta peke yake amejidanganya, inatakiwa maji ya moto, kukausha vizuri, ndo mafuta.

Na kama una mpango wa kuipiga, usiipige mpaka fundi wa silaha apime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikiwa chemba. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia vizuri tu na bado ikawa hatari, ganda la risasi linapasuka karibu na uso wako. Lee-Enfield No. 4, ile ya Waingereza, ilikuwa na vichwa vya bolti vya saizi tofauti, vimeandikwa 0 mpaka 3, kwa ajili ya hiyo hiyo nafasi.

Haya, kusafisha. Ile grisi nzito ya ghalani, waliyopakwa bunduki zisishike kutu, inataka joto na uvumilivu. Vyuma vichovye mafuta ya taa, nje, mbali na moto, sugua na mswaki wa zamani. Mbao zifunge kwenye mfuko mweusi uziweke juani, grisi inatoka yenyewe unafuta, unarudia, wiki nzima mi imewahi kunichukua. Baadaye mafuta ya linisidi, ya mbegu za kitani, tone tone kwa kiganja, basi. Vanishi hapana. Mbao ikibonyea, kitambaa chenye maji na pasi ya moto vinainua nyuzi, ila ukae mbali na mihuri, mvuke unainua na muhuri nao.

Kutu nyekundu ndo adui, ile kahawia iliyotulia iache. Mimi nachemsha kipande kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, kutu nyekundu inageuka nyeusi, nasugua taratibu kwa nyuzi laini za chuma, napaka mafuta. Weusi wa kiwandani haujaguswa. Skrubu ikigoma mwagia mafuta ya kulegeza uende ukalale, na bisibisi ijae kwenye mfereji wake, siyo ile ya jikoni, kichwa kilichochanika mtu anakiona toka mlangoni.

Kila kitu ulichotoa kitunze kwenye mfuko wake na maandishi, hata kipande kilichovunjika.

Ukiiweka, iegeshe mdomo chini. Mafuta yakishuka upande wa nyuma yanalowesha mbao pale shingoni, inalainika miaka ikienda. Ile Mosin yangu nyeupe nayo inakaa hivyo hivyo, mdomo chini, vanishi na vyote.