Usichague hisa kwa kuhesabu odinateri zilizo mezani

Mi natengeneza odinateri (kompyuta) hapa Lubumbashi, nina kameza kadogo pa Kamalondo, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wakiniuliza mashini gani ni nguvu, HP ao Dell ao Lenovo, najibu bila hata kuinua kichwa. Lakini toka wasikie nina vihisa vyangu kule Marekani, ni kusema vipande vya kumiliki kampuni, swali limegeuka, "yaya (mkubwa wangu), niweke makuta (pesa) kwa kampuni gani?", na hapo ndo naomba tukae kwanza, juu maswali haya mawili yanafanana sura tu.

Mi mwenyewe nilianguka hapo. Kongo hatuna soko la hisa, basi nilipitia kwa mtoto wa mama mkubwa, dogo anayeishi Ubelgiji, yeye ana konti ya kununulia hisa, nikamtumia dola 300. Nilichagua namna gani? Nilihesabu mashini za wateja. Zilikuwa tisa, sita za kampuni moja (jina naliacha), nikajisemea njo hii inauza, tena hisa yake ni bei ndogo, nitapata nyingi. Miaka miwili bei ikalala tu, na mi pembeni yake.

Siku moja dogo akapiga simu: yaya, hizo mashini tisa ukiziwasha zinaonyesha nini? Nikamwambia Windows, ile programu ya Microsoft. Zote? Zote, hata ile ya mwalimu yenye kioo kilichopasuka. Akacheka.

Njo nikakumbuka mambo ya unga wa bukari (ugali). Wauzaji wanapigana bei pa soko mpaka faida inabaki ya kikombe, lakini mwenye mulini (kinu cha kusaga) anakula kwa kila mfuko, uuzwe na nani. Hesabu za 2023: HP iliuza karibu dola bilioni 54, ikabakiwa na bilioni 3.3, ni kusema kwa kila dola 100 zinabaki 6. Lenovo inauza komputa nyingi kuliko wote duniani na kwake mwaka huo hazikufika hata 2! Microsoft, njo mwenye mulini hapa, iliuza karibu bilioni 212 ikabakiwa na 72, yani 34 kwa 100. Apple nayo kama 25, juu inatengeneza mashini na programu yake pamoja, ukitaka Mac huna mlango mwingine.

Sasa usikimbie kununua Microsoft kesho asubuhi. Aliyeinunua mwisho wa 1999, wakati kila mtu alikuwa na homa ya intaneti, alingoja mpaka 2016 ndo bei ipite pale alipolipia. Kampuni haikuwa mbaya, faida iliingia, ila yeye alilipa bei ya wazimu. Kwa hiyo chukua bei ya hisa ugawanye kwa faida ya kampuni ya mwaka inayoangukia hisa hiyo moja. Dola 30 kwa faida ya 3 unalipia miaka 10, dola 30 kwa faida ya senti 50 unalipia 60, utakuwa hai? Na bei ndogo peke yake haisemi kitu, Apple mwaka 2020 ilikata kila hisa ikawa 4 na hakuna aliyeongezeka utajiri kwa kukata huko, mkate ni ule ule.

Kitu kingine, kampuni inaweza kutoka kwenye soko la hisa kabisa. Dell ilitoka 2013, mwenyewe Michael Dell na wenzake walinunua hisa za watu, ikarudi 2018.

Na makato jamani! Dola zangu 300, kutuma, kubadilisha kuwa euro, kurudisha dola, komisheni, zilizonunua hisa kweli zilikuwa 278. Kwa hiyo usitume 20 20 kila mwezi, kusanya kwanza, na pesa ya minervali (ada ya shule) ya watoto isiguse huko hata kidogo.

Ile ya kwanza niliuza kwa hasara ya dola 41, nikaingia kwa mwenye mulini polepole. Juzi gawio (sehemu ya faida kampuni inayowapa wenye hisa) limeingia, kodi ya Marekani ikakata, ya Ubelgiji ikakata tena, nikabaki na dola moja na kitu. Dogo ananiuliza anitumie? Nikamwambia acha huko huko, kutuma tu ni dola tatu.