Mkanda wa umeme tuli usio na waya: usipoteze pesa

Ndugu wa Malindi uliyeuliza kama ununue ule mkanda wa mkononi usio na waya, unaouzwa eti kuondoa umeme tuli (chaji inayojikusanya mwilini na kuweza kuua chipu), kabla ya kufungua laptopu kuongeza RAM, yaani kadi ya kumbukumbu: usinunue. Haufanyi kazi.

Mwenzetu aliyejibu kwamba anauvaa na hajawahi kuua chipu, namwamini. Ila sifa hizo ni za hewa ya bahari. Huku pwani unyevu hauishi, na unyevu huvujisha chaji kabla haijajaa. Angefunga uzi mkononi mambo yangekuwa yale yale.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Mkanda mmoja wa aina hiyo niliufungua. Chini ya ile skrubu ya mapambo mna rezista, kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme: mguu mmoja umeshika kibati kinachogusa ngozi, wa pili hauendi popote. Sasa chaji ipite wapi? Wauzaji hudai inatokea ncha ya skrubu na kupotelea hewani. Jambo hilo lipo, ndiyo maana ndege huwekwa vijiti vyembamba nyuma ya mbawa. Lakini linataka maelfu ya volti. Mtu huanza kuhisi ule mchomo wa umeme tuli kwenye volti 3,000 hivi, na kuna chipu zinazoharibika kwa 100 au chini ya hapo. Chaji ya kuua bodi hubaki mwilini, nawe huna habari.

Mkanda wenye waya una rezista ya megaohm 1, na hiyo imewekwa kwa ajili ya roho yako. Ukigusa volti 240 kwa bahati mbaya, kinachopita ni miliampea 0.24 tu. Kwa hiyo msijitengenezee wa waya mtupu mkauchomeka kwenye soketi! Nyumba nyingine za hapa mjini soketi ina matundu matatu, lakini nyuma hamna waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini.

Na ethi yenyewe si lazima. La muhimu ni wewe na mashine kuwa na volti sawa, chaji isipate sababu ya kuruka. Chomoa chaja, tenganisha betri, kisha bana klipu ya mkanda wa waya kwenye chuma cha ndani ya laptopu. Huna mkanda? Gusa chuma hicho kabla ya kushika RAM, na ukiinuka ukirudi, gusa tena. RAM ishike kingoni. Zima kiyoyozi, maana hukausha hewa, na shati la polista liache. Fulana ya pamba na kikoi vinatosha.

Mkanda wa waya nao upime kwa mita, kibati hadi klipu: isome karibu megaohm 1. Ile ya bei rahisi waya hukatikia ndani bila kuonekana.

Ukishafungua, angalia soketi ya RAM kama ina ukijani wa kutu. Bodi ninazoletewa huku, nyingi zimeuawa na chumvi. Pangusa kwa alkoholi ya isopropili, si tina ya rangi, na uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri.