Rottweiler na watoto nyumbani: je, nimfungie bandani?

SWALI: Nimenunua Rottweiler dume wa wiki 9. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Jirani ananishauri nimfungie bandani mchana kutwa asizoee watu, ili akikua awe mkali. Mimi nataka alinde nyumba lakini watoto wacheze naye. Inawezekana? – Msomaji, Arusha

JIBU: Inawezekana, ila usimfungie. Mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Asichokiona kipindi hicho (mtoto anayekimbia, mzee mwenye bakora, bodaboda) baadaye hukiogopa, na mbwa mwoga wa kilo 50 ndiye anayeuma hovyo, hata mtoto wa nyumbani. Ukali huna haja ya kumfundisha. Rottweiler walikuwa mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, Ujerumani, wakiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Kulinda kumo damuni, na hujitokeza anapopevuka.

Kwa hiyo una wiki 5 tu za kumzoesha watu na vitu. Tatizo ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa watoto wa mbwa, ambao huwashika Rottweiler kwa urahisi kuliko mbwa wengi, na chanjo yake hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki ya 16. Ukisubiri ziishe, muda umepita. Walete wageni nyumbani kwako, na mtoke naye ukiwa umembeba. Asikanyage mahali wanapopita mbwa wa mtaani. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi 3.

Mtoto wa miaka 4 asiachwe naye peke yao hata dakika moja. Asimpande mgongoni, asimguse akilala wala akila. Bakuli usimnyang'anye ili "azoee". Hapo unamfundisha kulilinda. Pita karibu, mdondoshee kipande cha nyama, endelea na safari yako. Akiuma mchezoni, mchezo usimame palepale. Akiunguruma, usimpige: atajifunza kunyamaza, hofu ibaki, na siku nyingine atauma bila kutoa onyo. Mwondoe mtoto kwanza, kisha tafuta kilichomkera.

Kamba na ukosi mzoeshe sasa, angali anabebeka. Akifika kilo 40 ni yeye atakayekupeleka matembezini.

Chakula kiwe mara 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha mara 2. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji nyama au dagaa wasio na chumvi. DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) usimwongezee, ingawa wengi hufanya hivyo ili "akomae mifupa": madini ya kalsiamu yakizidi, mifupa ya mbwa mkubwa anayekua hupinda. Asinenepe pia, kwa sababu nyonga za aina hii ni dhaifu. Ukimpapasa, mbavu uzihisi.

Akikua, usiku azunguke uani bila mnyororo, na mchana akae na familia. Ukiona anakakamaa na kukodoa macho mtoto anapopita, mwite daktari wa mifugo wiki hiyohiyo. Maumivu ya nyonga au sikio huanza hivyohivyo.