Kujitolea kung'oa mimea vamizi Amani

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye na taaluma ya misitu anaweza kwenda Amani, kule Usambara Mashariki, kusaidia kung'oa mimea vamizi. Anaweza, ila usiingie na panga lako kienyeji. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo anza kwa wahifadhi wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wakupe kibali na wakuoneshe pa kufanyia kazi.

Anza na lantana, kichaka vamizi. Utaitambua kwa shina la pembe nne lenye vimiba, jani linalokwaruza na kunuka ukilifikicha, na maua ya njano na waridi kwenye kishada kimoja. Ukiifyeka tu umejisumbua bure, kisiki kinachipua. Chimba utoe na mizizi, mvua ikishalainisha udongo, na uwahi kabla matunda hayajawa meusi, maana ndege wakishayala mbegu zimesambaa. Vaa glavu ngumu. Pengo linalobaki lipandwe miche ya asili, la sivyo jua likipiga pale inarudi.

Maesopsis achana nayo. Ni miti mikubwa, mbegu zake hutawanywa na hondohondo, na ukiiangusha ovyo unafungulia magugu mengine mwanga. Waachie wataalamu.

Wadudu wageni? Piga picha, andika mahali ulipowaona, wapelekee wahifadhi. Dawa ya dukani usithubutu kupulizia msituni, inaua na nyuki. Na kuni usizihamishe msitu hadi msitu, wadudu husafiri ndani ya magome.