Maswali na Majibu: Mafuta ya Damu Baada ya Mlo, na Sehemu ya Urithi

Daktari, mimi na kaka yangu tunakula chakula kimoja: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi, nyama choma jioni. Yeye ni mnene kunizidi. Mbona ni mimi niliyeambiwa nina mafuta mengi katika damu? (Msomaji, Mbale)

Mafuta ya chakula yakishameng'enywa, utumbo huyafunga katika vichembe viitwavyo kilomikroni na kuviingiza katika damu, na kiwango cha trigliseridi, yaani aina kuu ya mafuta ya damu, hupanda taratibu, mara nyingi kikifika kilele kati ya saa tatu na nne baada ya mlo mzito. Katika kuta za mishipa midogo kabisa kuna kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi, ambacho huyavunja mafuta hayo ili misuli iyatumie au mwili uyahifadhi. Jeni ya LPL ndiyo yenye maelekezo ya kukiunda, APOA5 hukisaidia, na APOC3 hukizuia. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana kwa wastani nusu tu ya tofauti za vinasaba walizorithishwa, kwa hiyo kaka yako anaweza kusafisha damu yake mapema huku yako ikibaki na mafuta hadi mlo unaofuata. Unene hauonyeshi jambo hilo.

Mfano ulio wazi ulitangazwa mwaka 2008 kutoka jamii ya Waamishi, kundi la Wakristo wanaoishi kijadi, wa Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani. Takriban asilimia 5 yao walikuwa na nakala moja ya APOC3 isiyofanya kazi, na walipopewa kinywaji chenye mafuta mengi, trigliseridi zao zilipanda kidogo kuliko za wenzao; mishipa ya mioyo yao pia ilikuwa na chokaa kidogo zaidi.

Hata hivyo sipendi mtu aitupie damu ya ukoo lawama yote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye washiriki zaidi ya 1,000, wengi wao mapacha, ulionyesha kwamba hata mapacha wa kufanana kabisa hutofautiana katika mafuta ya damu baada ya mlo uleule. Ikiwa nyama hiyo ya jioni huandamana na bia au waragi, anza kwa kupunguza hapo, kwa sababu pombe huifanya ini itengeneze trigliseridi zaidi. Tembea kwa miguu pia, kwani misuli inayofanya kazi huongeza kimeng'enya nilichokitaja.

Ni lazima nifike maabara bila kula? (Msomaji, Arua)

Kwa wengi, si lazima. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana hivyo mwaka 2016, wakashauri kipimo kirudiwe mtu akiwa hajala iwapo trigliseridi zitazidi milimoli 5 kwa lita. Mwambie tu mpimaji ulikula nini na saa ngapi.

Utafiti wa wazungu unatuhusu sisi Waganda? (Msomaji, Jinja)

Njia za mwili ni zilezile, lakini tofauti za jeni na wingi wake hazilingani, na Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani. Ndiyo maana nathamini sana kazi ya Kyamulibwa, wilayani Kalungu, ambako taarifa za vinasaba vya wanakijiji wapatao 6,400 zilichapishwa mwaka 2019, mafuta ya damu yakiwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Alama za vinasaba zilizopatikana Ulaya pekee zisitumike kumpimia Mganda hatari yake.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka saba huumwa tumbo mara kwa mara, na mpimaji alisema damu yake ni nyeupe. Nifanye nini? (Mama, Gulu)

Marahaba, mama. Damu ya namna hiyo ikizungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu, ambayo yangepaswa kuwa ya manjano na kuangaza, hutoka mazito kama maziwa. Huenda mtoto amerithi nakala mbovu ya jeni kama LPL kutoka kwa kila mzazi, hali inayompata takriban mtu mmoja katika milioni, nayo huweza kulivimbisha kongosho na kuhatarisha maisha. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii bila kusubiri. Maumivu yakirudi pamoja na kutapika, nenda saa ileile, hata usiku. Chakula chake kitahitaji kuwa na mafuta machache mno, pamoja na kuacha vya kukaanga na mchuzi wa karanga, lakini kipimo cha mafuta hayo apange mtaalamu wa lishe kwa kuwa bado anakua. Ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, kwa maana ikithibitika ni ugonjwa huo, kila mmoja wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuwa nao.